Baba anataka kupiga milima, na mwalimu wake ni mimi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 29, napiga picha za harusi na sendofu hapa Tanga mjini na namshukuru Mungu kazi zipo. Shida yangu ni baba. Alikuwa bwana misitu kule Lushoto, amestaafu mwaka juzi, na tangu astaafu anasema anataka kujifunza kupiga picha za mandhari, ile milima na misitu aliyoizunguka kwa miguu maisha yake yote. Mi nilifurahi sana mana nilikuwa naogopa atakaa tu barazani. Basi mwezi uliopita nikapanda nikamchukua tukaenda Irente, ule ukingo wa mlima karibu na Lushoto, saa 8 mchana, nimebeba kamera, nimebeba stendi, nikaanza kumweleza apecha (lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga), shata (muda linalokaa wazi pazia la kamera), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), ye anaitikia tu ndiyo mama, ndiyo mama, alafu akishika kamera anasema haioni, kila kitu ukungu. Nikimrekebisha ananuna. Mwisho akaniambia simama pale kwenye jiwe nikupige, nikamwambia baba tumekuja kupiga mandhari sio mimi, akasema sasa picha isiyo na mtu ni picha ya nini, akanirudishia kamera tukashuka kimya kimya mpaka nyumbani. Nampenda sana baba yangu na sitaki hii kitu iishie pale. Nifanyeje?
Binti wa bwana misitu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama pale baba aliposema haioni, mana naona mambo yalianza kuharibika hapo na hakuna aliyekosea. Baba amestaafu, yani yuko 60 na kitu, na macho ya umri ule vitu vya karibu hayavioni vizuri bila miwani ya kusomea. Kamera yako umeiweka kulingana na macho yako wewe. Sasa ichukue uangalie pembeni ya kile kitundu cha kuchungulia, kuna kigurudumu kidogo sana, mara nyingi kina alama za kujumlisha na kutoa, kuna watu wana kamera miaka 10 hawajawahi kukigusa. Kile ndo kinafanya kitundu kimfuate jicho yule anayechungulia. Mpe baba, mwambie asiuangalie mlima kwanza, aangalie zile namba ndogo zinazoonekana humo ndani kwa chini, azungushe taratibu mpaka namba zikae wazi kama za gazeti. Ukimaliza kumbuka kilikuwa wapi mwanzo, sababu Jumamosi ukiwa kwenye harusi utakihitaji cha kwako.

Na kama anatumia kioo cha nyuma badala ya kitundu, avae miwani yake ya kusomea, na mtafutie kofia pana au kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, mana juani kile kioo hakionekani hata kwa mtu wa miaka 20. Miwani ya jua avue kabisa, ipo ile inayopunguza mng'ao ambayo ukigeuza kamera kusimama kioo kinakuwa cheusi tii, mzee atadhani ameiharibu.

Jaribu kukaa kwenye viatu vyake kidogo. Mtu amewaongoza watu porini miaka mingi, akisema njia ni hii watu wanafuata, leo bintiye anamwambia picha yako haijatulia na yeye kweli haoni kilichomo kwenye kitundu na hajui kwamba kuna namna ya kukirekebisha. Lazima anune. Mi naamini ukilimaliza hili la kigurudumu tu utamwona baba mwingine.

Alafu saa 8 mchana mwanangu. Wewe umezoea harusi, bwana harusi akifika saa 8 unapiga saa 8, una fleshi unajua kujitetea. Mlima hauna fleshi. Saa 8 huku kwetu jua liko utosini, vivuli vyote vimejificha chini ya vitu vyenyewe, na lile bonde linakosa umbo, linakuwa ubapa mmoja mweupe wenye vumbi na joto. Hata mimi na miaka yangu yote saa 8 pale Irente sitoi kitu. Kwa hiyo hata kama baba angefanya yote uliyomwambia bado angetoka na picha mbaya, na angedhani kosa ni lake.

Hapa kuna jambo nataka ulielewe vizuri kabla hujamfundisha yeye. Video nyingi za kujifunzia zimetengenezwa Ulaya na Marekani, wanasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu, na kwao ni kweli mana jua lao linashuka kwa mshazari, linakokota miguu mpaka lizame. Letu linashuka wima. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo huku karibu na ikweta toka mwanga uanze kuwa wa njano mpaka jua liguse upeo unapata dakika 25, 30 ukibahatika, na likishazama unabaki na dakika 20 na kitu za rangi alafu giza. Kizuri ni kwamba halibadiliki sana, Lushoto jua linazama kwenye saa 12 na dakika 20 mwezi wa 6 na linafika karibu saa 12 na dakika 50 mwezi wa 2, basi, tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa. Kwa hiyo mkifika saa 11 na stendi ikawa imeshasimama saa 11 na nusu, mko salama.

Na usije ukafunga stendi wakati mwanga umeshafika. Kuna mpiga picha maarufu wa Marekani, Ansel Adams, jioni moja mwaka 1941 kule New Mexico alikuwa anaendesha gari yuko na mtoto wake wa miaka 8 na rafiki yake, akaona mwezi umepanda juu ya kakijiji na misalaba ya makaburini imeshika jua la mwisho, akasimamisha gari akaanza kuwapigia kelele wamtafutie vifaa, kipima mwanga hakikuonekana, akakadiria kwa kuujua mwangaza wa mwezi, akapiga moja. Anageuza apige ya pili jua limeshatoka kwenye misalaba. Ile moja ndo dunia nzima inaijua. Sasa yule alikuwa bingwa tayari, we na baba yako mnaojifunza hamtakiwi kuwa na haraka ya namna ile, mnatakiwa muwe mmekaa pale mnakula mahindi ya kuchoma mnasubiri.

Tena kule kusubiri ndo darasa lenyewe, na hapo kiongozi awe baba. Hili nakuomba sana. Wewe Irente unaijua kama sehemu ya kutembelea, baba anajua mwezi gani ukungu unapanda kutoka bonde lipi na unatawanyika saa ngapi, anajua kule msitu wa Magamba miti mikubwa ya kafuri imesimama wapi na jua linapenyeza wapi, anajua baada ya mvua hewa inakaa safi siku ngapi kabla moshi wa watu wanaoandaa mashamba haujarudi. Haya mambo sisi wapiga picha tunayatafuta kwa miaka, tunarudi sehemu moja mara 7 kuyajua, na baba yako anayo kichwani bure. Kwa hiyo safari inayofuata usimpangie. Muulize, baba ungetaka watu wauone mlima huu ukiwa vipi, saa ngapi, tukiwa tumesimama wapi? Alafu umfuate, hata kama ni kutembea saa nzima na stendi begani. Mkifika mwambie haya nionyeshe, ndipo sasa wewe unaleta kamera kumsaidia kukipata kile alichokisema. Hapo hafundishwi na mtoto, mnafanya kazi pamoja, kila mtu na ujuzi wake.

Na umfundishe kitu kimoja kwa safari. Kimoja. Nakwambia hivi sababu yalinikuta na mdogo wangu wa kufuatana. Nilimpeleka kwenye maporomoko ya Soni, yale yapo kando ya barabara ukitoka Mombo unapandisha Lushoto, na mi nikiwa na furaha kama wewe nikamwaga yote, shata ipunguze maji yawe kama pamba, sasa mwanga umezidi funga apecha, sasa angalia ISO, pale umekata kichwa cha jiwe, pale upeo umelala, hapana sio hivyo lete nikuonyeshe. Kufika la 6 sijui la 7 akanipa kamera akasema kaka piga wewe. Ni miaka mingi sasa na hajashika kamera tena. Inaniuma mpaka leo. Ile siku kabla sijaanza kumwelekeza alikuwa ameshapiga picha moja, maji yanashuka na mama mmoja anafua pembeni, kainua uso kidogo, hiyo picha ninayo ukutani sebuleni na ni nzuri kuliko zote nilizopiga mimi siku ile.

Kwa hiyo siku ya kwanza kamera iweke wewe kabisa kabla hujampa. Weka ile njia ambayo apecha unachagua wewe na shata inajitafutia yenyewe, apecha iwe 8, ISO 100, kamera juu ya stendi, taima ya sekunde 2 ili mkono wake usiitikise akibonyeza. Mwachie kitufe kimoja tu cha kucheza nacho, kile cha kuongeza na kupunguza mwanga wa picha, kile cha kujumlisha na kutoa. Mwambie baba ukiona mawingu yameungua meupe zungusha huku, ukiona mlima umekuwa mweusi zungusha kule. Hicho kitufe kimoja kinatosha safari 2 au 3 nzima, mana ndani yake kuna somo lote la mwanga, ye mwenyewe ataanza kuuliza kwanini kamera inakosea, na akiuliza sasa ndo umweleze.

Mfano mzuri wa kumwonyesha uko kwenye ukungu. Kamera haijui kama mbele yake kuna ukungu mweupe, yenyewe kila inachokiona inataka kukifanya cha kijivu, kwa hiyo msitu wa asubuhi wenye ukungu mweupe unatoka mchafu kama maji ya kufulia. Azungushe kujumlisha 1, aone ukungu unavyorudi kuwa ukungu. Mzee wa misitu akiona hicho kitu kwa macho yake hatakisahau. Na msituni msisubiri jua, huko siku ya mawingu ndo siku yenyewe, jua likiingia kati ya majani linaweka madoadoa meupe kila mahali na picha inapasuka macho, wakati siku ya mawingu, hasa mvua ikiwa imetoka kukatika, kijani kinakolea na magome ya miti yanakuwa na rangi ambazo siku ya jua huzioni. Majani yakiwa yanang'aa maji na una ile filta ya polaraiza unayoizungusha mbele ya lenzi, mvalishie azungushe mwenyewe aone mng'ao ukiondoka. Magamba ni hifadhi kwa hiyo mpitie kwanza kwa watu wa misitu mlipe kiingilio, japo nadhani hilo baba ndo atakalokuelekeza wewe.

Irente nako kuna mambo yake. Pale mmetazama upande wa jua kuzama, chini yenu kama mita 1,000 ndo tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge, na mbele kabisa nyika. Jioni jua liko usoni kwa hiyo usitegemee rangi za kule chini, tegemea matabaka, tuta moja jeusi, la nyuma yake hafifu, la nyuma zaidi hafifu kuliko hilo, na hapo baba apunguze mwanga kwa kutoa 1 ili anga lisiungue. Lakini mimi nakushauri mumalizie na asubuhi. Watu wengi hawaendi asubuhi mana hakuna jua la kuchomoza upande ule, kumbe jua likitoka mgongoni kwenu kivuli cha mlima wenyewe kinalala kule chini juu ya mashamba, kikubwa, na kinaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye mwamba mliosimama, kila baada ya dakika kadhaa mstari wa mwanga umesogea. Mwambie baba asisogeze stendi, apige moja kila dakika 5 kwa saa nzima. Nadhani atakaa kimya siku hiyo ila sio kile kimya cha kununa.

Na pale ukingoni jamani. Mtu akishaweka jicho kwenye kitundu hana miguu tena, anarudi nyuma anasogea mbele hajui. Mkubaliane kabisa kwamba hakuna kutembea jicho likiwa kwenye kamera, kamera iwe na mkanda shingoni, na we simama upande wa bonde, yeye akae upande wa ndani.

Sasa lile la picha isiyo na mtu ni picha ya nini. Mwanangu hili lilinigusa, mana baba yako ameuliza swali la maana na wewe ukalipita. Wazee wetu wamekua wakati mkanda una picha 36, na kila moja ina gharama ya kununua, kusafisha na kuchapisha, unapiga siku ya Idi, Krismasi, kipaimara, harusi, mgeni kaja kutoka mbali. Nani angepoteza picha kupiga mlima ambao kesho utakuwa palepale? Mlima ulikuwa unachorwa kwenye pazia la studio, na mtu anasimama mbele yake. Kwa hiyo baba akikwambia simama kwenye jiwe, kwa lugha yake amekwambia kinachostahili kupigwa hapa ni wewe, na ukamjibu hatujaja kwa ajili hiyo.

Rudi ukasimame kwenye jiwe. Nenda mbali hata, hatua 40 au 50, vaa kitu cha rangi, kitenge chekundu au koti la njano, umpe mgongo, utazame bonde. Atapata anachotaka na bila kujua atakuwa amepata kile ambacho picha nyingi za mandhari zinakosa, yani kipimo. Mwamba bila mtu hujui kama ni wa mita 10 au 1,000, weka binadamu mdogo kama punje ya mtama pale kwenye kona na kila anayeangalia anashtuka. Baada ya hapo mwulize, baba na nikitoka, ungeweka nini badala yangu? Aanze kutafuta mwenyewe, jiwe, mti uliokauka, njia ya ng'ombe inayoelekea bondeni. Huo ndo mwanzo wa kupanga picha na hukumtajia neno hata moja la kitabuni.

Kuhusu kumkosoa, mlimani usimkosoe kabisa. Mkirudi nyumbani, mkishakunywa chai, unganisha kamera kwenye TV, mama naye awepo, mwachie rimoti. Yeye ndo aseme ipi anaipenda na ipi haijamkalia. Akisema hii sijui ina nini, mwulize ulitaka kionekane nini hapa baba? Akijibu nilitaka ule mti, na mti kwenye picha ni mdogo uko kona, ataona mwenyewe. We kazi yako ni kuuliza. Na nzuri 2 au 3 ukishuka Tanga kachapishe kubwa, ziweke fremu, sio zibaki kwenye memori kadi, wazee wetu picha kwao ni kitu unachokishika mkononi.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nina mtoto wa kiume ana miaka 10, tunakaa Pangani, kila siku ananiomba simu akapige bahari. Simu ni moja na ndo hiyo hiyo ya biashara yangu ya samaki, naogopa maji ya chumvi, lakini pia naona ana kipaji, anakaa anaangalia vitu. Nataka nimfundishe mwenyewe japo mi sio mpiga picha. Nianze na nini?
Mama wa Pangani

JIBU: Salama dada. Anza na hicho cha kuogopa. Simu itie kamba, kamba ivaliwe shingoni, na wakati haipigi ikae ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa juu. Sheria iwe moja, haingii majini zaidi ya vifundo vya miguu akiwa na simu. Mkirudi uifute yote kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo tu na kukamuliwa, alafu kikavu, mana chumvi ikikaukia kwenye tundu la chaji ndo inakula. Kile kioo cha lenzi usikifute kwa khanga ukiwa pwani, puliza kwanza mchanga utoke, vinginevyo unakikwaruza. Na kabla ya kupiga akifute mafuta ya vidole, picha nyingi za simu zenye kama moshi ni vidole tu.

Kufundisha kwenyewe we una mtaji mkubwa kuliko unavyodhani, mana unauza samaki, maji unayajua. Kwenye bamvua, yani zile siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanatoka mbali sana na yanaacha mchanga wenye mistari na vidimbwi vinavyoonyesha anga, na hapo ndo picha zilipo, kwenye maji mafu, yani siku ambazo maji hayatoki mbali, huvipati. Shida ni kwamba bamvua lenyewe kupwa kwake kunaangukia saa 4 asubuhi hivi, jua limeshakuwa kali. Lakini kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukirudi nyuma siku 3 kabla, maji yanakupwa asubuhi mapema kwenye saa 1 au saa 2, jua la Pangani linatokea baharini, bado liko chini, na dimbwi liko mbele yako. Mfundishe hiyo hesabu ya mwezi na maji, aangalie mwezi usiku akwambie mama keshokutwa twende. Mtoto wa miaka 10 akishajua kutabiri mwanga wake mwenyewe hutahitaji kumwamsha.

Kwenye simu muwashie ile mistari ya gridi, aulaze mstari wa bahari sawa na mstari wa gridi, bahari iliyopinda inaonekana kama inamwagika. Aguse anga kwa kidole kwenye kioo, ashushe kile kialama cha jua mpaka rangi zirudi. Achuchumae aweke simu karibu kabisa na dimbwi, kama kiganja kimoja juu ya maji, aone tofauti na akiwa amesimama. Zumu asivute kwa vidole, atembee kwa miguu.

Na mpe picha 12 kwa siku. Sio 200. Akimaliza 12 simu inarudi kwako, hapo na biashara yako imepona. Zamani kamera za mkanda mpana zilikuwa na 12 na watu walifikiri kabla ya kubonyeza. Jioni achague 1 akwambie kwanini hiyo, zingine afute mwenyewe. Wewe sikiliza tu.

SWALI: Niaje mwalimu. Mimi na mke wangu tumeanza kupanda Menengai, ule mlima wa volkano, kila wikendi, tuko Nakuru. Nilimnunulia kamera yenye ile lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55 na mimi ndo namfundisha. Shida ni picha za kreta, lile shimo kubwa la juu, kwa macho ni kitu kikubwa mpaka unaogopa, kwa picha inakaa tu ka kabonde kadogo. Ananiambia ni lenzi, nimnunulie ya wide zaidi. Nimnunulie?
Mume wa mpiga picha, Nakuru

JIBU: Poa sana ndugu. Usinunue, angalau sio hiyo. Menengai ni kama kilometa 12 kwa 8, na lenzi pana kazi yake ni kusukuma vya mbali viwe mbali zaidi, ule ukuta wa upande wa pili utakuwa uzi. Mwambie afanye kinyume, avute mpaka 55, yani mwisho wa kuvuta karibu, achague kipande kimoja tu, pale mteremko unapokutana na lava nyeusi chini, au pale mvuke unapotoka, asubuhi kukiwa baridi mvuke unaonekana vizuri zaidi. Akitaka yote kwa pamoja asimamishe kamera wima, apige picha 7 au 8 akizunguka kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja iingie ndani ya mwenzake kama thuluthi, alafu mziunganishe kwenye kompyuta. Mpangilio wa mwanga kwenye kamera asiubadilishe katikati.

Kuna zawadi moja pale ambayo hamjaitumia. Ile sehemu watu wanaposimama iko ukingo wa kusini, mmetazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua linakuja kutoka kulia na jioni kutoka kushoto, yani mara zote 2 mwanga ni wa ubavuni na kila kilima cha lava kinapata kivuli chake. Mkipanda saa 5 mnakikosa hicho. Fikeni saa 12 na nusu asubuhi muone kama kreta bado ni kabonde. Na mkishamaliza kupiga kreta geukeni nyuma mtafute kilima kidogo kisichozibwa na miti, mji uko chini na Ziwa Nakuru liko nyuma ya mji, saa hiyo maji bado yametulia.